Vikombe Havina Masikio

Mjukuu wangu Eliudi alianza kusema kabla hajajua kusimama, na mimi sikunyamaza. Nilisema bombani, nilisema sokoni, nilisema kwenye kikundi cha akina mama kanisani mpaka mwenyekiti akaniomba tuendelee na ajenda. Neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba. Lilikuwa "ete", yaani lete. Amekaa kwenye mkeka, meno manne mdomoni, kanyoosha mkono kuelekea kiazi changu na anaamuru. Nikasema huyu ametoka upande wetu.

Baadaye maneno yote yalimtoka, moja baada ya jingine, kama meno ya mzee.

Namwandikia yule ambaye sasa hivi ana mtoto wa namna hiyo mapajani na watu wanamwambia subiri, ataongea tu, hata mjomba wake alichelewa. Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo usitafute humu majina ya dawa. Nitakueleza ya kwenye benchi la hospitali, na ya nyumbani, maana huko ndiko tulikoumizwa zaidi.

Mimi nakaa Njombe, nje kidogo ya mji, na viazi vyangu na miti michache ya parachichi. Binti yangu Tumaini ameolewa Makambako na Festo, fundi wa malori. Walikuwa wanakaa kwenye uwanja wa mama yake Festo, karibu na reli. Mama Festo ni mjane, ana duka la mabati na saruji, na ana sauti inayolitosha duka hilo. Tulikuwa tunaheshimiana kama watu wawili wanaojua kwamba hakuna atakayekubali kushindwa.

Kwangu Njombe nina jirani, tunamwita Bibi Anita kwa jina la mjukuu wake. Anita na Eliudi walizaliwa msimu mmoja, wakati wa kuchimba viazi. Eliudi alipokuwa anaita kuku, anaita maji, anasema "aka" akikataa uji, Anita alikuwa anasema "mm" tu. Eliudi alipofika mahali pa kuunganisha maneno mawili, akisimama mlangoni na kuniita "bibi joo", nilimuuliza jirani yangu, "Huyo wako anasubiri mkalimani?" Alicheka, lakini hakupenda. Kumbuka neno hilo, lilirudi.

Ugonjwa ulikuja kwenye baridi, ile baridi ambayo asubuhi unakuta majani ya viazi yamekuwa meupe. Eliudi alikuwa amepita mwaka mmoja na nusu. Tumaini alinipigia simu akasema mtoto ana homa na shingo haikunjiki. Nilipofika Makambako nilimkuta amekakamaa kama kuni, macho yametazama juu. Hospitalini wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Wakamkunja kama samaki wa kubanika, wakamchoma sindano mgongoni. Wakamnyoa upande mmoja wa kichwa wapate mshipa wa dripu. Kila saa ya sindano alikuwa anaita "bibi joo, bibi joo", na bibi yuko hapo hapo, ameshika miguu yake ili asirushe. Mpaka leo sijui aliniita nimsaidie au alikuwa ananishtaki.

Kwenye wodi ile Mama Festo na mimi tulikaa benchi moja na kujifunika blanketi moja. Alikuwa anatoa chapati kwenye mfuko ananikatia nusu kubwa. Sitamnyima sifa hiyo. Wakati ule wote tulikuwa tunaomba kitu kimoja tu, mtoto asife, na hakufa.

Alitoka wodini shingo imelegea, hajui tena kusimama. Mtoto aliyekuwa anakimbiza kuku alirudi kutambaa. Alipojaribu kutembea alikwenda upande kama mlevi wa ulanzi, akishika ukuta, akianguka, akiinuka bila kulia. Sisi tulitazama miguu. Kila mtu alitazama miguu. Daktari alisema, "Mrudisheni apimwe masikio, homa hii hupenda masikio." Festo akajibu kwa adabu, lakini tulipofika nje akasema, "Masikio gani? Si anaongea? Asiyesikia ataongeaje?" Na ni kweli, mgongoni kwa mama yake mtoto alikuwa anasema "maji, maji". Tukaona Festo ana akili. Hata mimi nilimwona ana akili.

Sasa nisikilize wewe. Mtoto anaweza kuendelea kusema baada ya masikio kufa. Anasema yale aliyoyaweka akiba. Halafu akiba inakwisha.

Kwa Eliudi ilianza kwisha wakati wa kupanda mahindi. Tumaini alikuwa ananisimulia kwenye simu bila kujua anasimulia nini. "Mama, siku hizi anasema mai badala ya maji, amekuwa mvivu." Baadaye mai ikawa ma. Baadaye akawa anafungua mdomo tu, kimya, kama samaki. Kuku alipotea bila mtu kujua siku gani. "Bibi joo" ilipoteza joo kwanza, halafu ikampoteza bibi. "Ete" ndilo lilikuwa la mwisho kuondoka. Liligeuka likawa kelele, eee, sauti ya mbuzi aliyefungwa mbali na mwenzake. Akitaka kitu alipiga eee, asipoeleweka aliuma. Alimuuma Tumaini titi mpaka damu. Alijigonga kichwa ukutani. Na ukimwita hageuki.

Mvua zilipokolea Tumaini alimleta kwangu. Siku ya kwanza tu Bibi Anita alikuja kumsalimia, na Anita wake. Anita alimzunguka Eliudi, akamtazama mdomo, akasema sentensi nzima: "Bibi, kwa nini Eliudi hasemi?"

Bibi yake akanitazama mimi, siyo mtoto. "Labda anasubiri mkalimani," akasema.

Alikuwa amelitunza neno lile miezi yote hiyo. Ningekuwa mimi, ningelitunza pia.

Siku ile ile mchana ilipiga mvua ya mawe. Mwenye bati Njombe anajua. Mawe yakianguka juu ya bati huwezi kusikia hata mawazo yako. Anita na watoto wengine wa jirani walijificha chini ya meza wakilia, Tumaini na mimi tunaongea kwa mikono. Eliudi alikuwa amekaa kitandani kwangu, ametupa mgongo, anamenya kiazi cha kuchoma kwa meno. Hakuinua hata jicho. Nilichukua mfuniko wa sufuria na mwiko, nikaenda nyuma yake, nikapiga. Akatema ganda, akaendelea kula.

Mvua ilipokatika Tumaini akasema, "Mama, usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Usiseme tu."

Nilisema. Nilimfuata mpaka Makambako nikasema mbele ya Festo na mama yake, kwamba mtoto huyu hasikii, tumrudishe hospitali kama tulivyoambiwa. Mama Festo alisimama, akafunga kitenge chake vizuri. "Kiziwi? Njoo nikuonyeshe kiziwi."

Tukatoka mpaka kwenye michongoma, pale ambapo njia ya reli inapita nyuma ya uwanja wao. Eliudi alikuwa amesimama pekupeku anachezea kokoto. Tukangoja. Na kweli, mimi mwenyewe sijasikia kitu, mtoto akaacha kokoto, akageuka kuelekea reli, macho yamemtoka. Muda mfupi baadaye treni ya mizigo ikaja.

"Haya, Mama Tumaini," akasema. "Kiziwi wako huyo. Anasikia treni kabla yako wewe."

Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Na hapo ndipo walipopata jibu lao, na uniambie kama wewe ungelipinga. Mtoto anasikia treni. Hasikii akiitwa jina. Basi ubaya haupo kwenye sikio, upo kwenye jina.

Jina la Eliudi alilichagua Tumaini. Kwa desturi yao mtoto wa kiume wa kwanza angebeba jina la babu, na babu, marehemu mume wa Mama Festo, aliitwa Yeremia. Wakakaa wazee wa ukoo wakasema mzee anadai. Kampokonya mtoto maneno mpaka jina lake lirudishwe. Wakamnyoa, wakampaka unga kwenye paji la uso, wakamwaga pombe kaburini. Wakatangaza kwamba kuanzia siku ile anaitwa Yeremia, na atakayetamka jina la zamani atalipa kuku. Mimi nililitamka jioni ile ile, nikawaambia waje Njombe kuchagua kuku wenyewe, jogoo wangu mmoja ni mkorofi kama wao.

Nilijiona nimesema vizuri. Jina jipya lilipokataa kushika, wakakumbuka jogoo wangu. Mama Festo akasema halishiki kwa sababu kuna mtu Njombe analivuta la zamani. Halafu akasema lile lililobaki. "Maneno ya mtoto yalimtoka baada ya nani kuyatangaza kila mahali? Mtu husifia nyama anayotaka kuila."

Hakuniambia mimi. Aliwaambia wateja dukani, ukiwa unapimiwa misumari unapewa na hilo. Huku kwetu mwanamke mzee akisemwa hivyo hasemwi kwa mzaha. Tumaini alinipigia simu akilia, akasema, "Mama, usije kwanza. Mpaka jina lishike."

Nilikaa mvua zote sijamwona mjukuu wangu.

Yaliyofanyika kule niliyasikia baadaye kwa Tumaini. Walikuwa wanamkalisha asubuhi na bakuli la uji mbele yake. Mama Festo anakaa nyuma yake, anaita "Yeremia". Akigeuka, anapewa. Asipogeuka, bakuli linaondoka. Hakugeuka. Alikuwa anautazama uji unavyokwenda. Akaanza kutambaa kufuata bakuli badala ya kutembea, na wao wakasema ona kiburi chake. Siku moja Mama Festo alimshika uso kwa mikono miwili akamwambia jina lile puani. Mtoto akamuuma kidole gumba. Akapigwa kofi ambalo Tumaini alilisikia akiwa jikoni. Nilimuuliza binti yangu, "Na wewe ulifanya nini?" Akasema, "Nilikuwa nampa uji chooni." Nilitaka kumpiga na nilitaka kumbeba mgongoni, vyote kwa wakati mmoja.

Mimi huku Njombe nilibaki na kazi na hasira. Siku moja nimekaa mezani peke yangu, naokota mawe kwenye maharage, vikombe vyangu vya kabatini vikaanza kulia. Chiri, chiri. Niliinua kichwa. Sikusikia kitu, ni upepo tu. Vikombe vinazidi. Ndipo kwa mbali likaanza kunguruma lori la magogo linalopanda barabara yetu, likapita, likaenda, vikombe vikatulia.

Malori yale yanapita kila siku, na vikombe vinalia kila siku. Lakini siku ile niliacha maharage. Vikombe vilijua lori linakuja kabla yangu mimi. Na vikombe havina masikio.

Kesho yake nilikwenda Makambako bila kuitwa, na gunia dogo la viazi ili nisiingie mikono mitupu kwenye ugomvi. Eliudi nilimkuta kizingitini, miguu myembamba, kichwa kikubwa. Hakunikimbilia. Nilipomkaribia alishika kitenge changu akakinusa, akanusa na mkono wangu. Halafu akapanda mwenyewe mgongoni.

Mama Festo akatoka dukani. "Tulikwambia nini?"

"Mliniambia nisije. Nimekuja. Treni inapita saa ngapi?"

"Umeshaonyeshwa treni."

"Nionyeshe tena. Nimezeeka, nasahau."

Alikuja kwa sababu watu walikuwa wanatazama, na Mama Festo hawezi kukimbia watu wakitazama. Festo naye alikuja, mikono imejaa grisi. Sikusimama pale kwenye michongoma. Nilisimama mbali zaidi, upande wa wauza nyanya, mtoto mgongoni, miguu yake inaning'inia. Treni ikapiga honi kabla haijaonekana, honi ile ndefu ya kufukuza ng'ombe. Kuku wakatawanyika. Wauza nyanya wote wakageuka. Festo akageuka, mama yake akageuka. Eliudi alikuwa anachezea hereni yangu. Aliizungusha. Honi ikapiga tena, karibu, mpaka mimi mwenyewe nikashtuka, na yeye akashangaa kwa nini nimeshtuka, akanichungulia usoni.

Nikasogea michongomani, nikamshusha pekupeku. Mabehewa yalikuwa yanaanza kupita. Pale pale akageukia reli, macho yamemtoka. Nikamwinua hewani kwa kwapa, nikamgeuza, akanitazama mimi. Nikamshusha, akageukia treni. Nikamwinua, akaisahau.

"Mama Festo," nikasema, "treni inamwita miguuni. Wewe unamwita masikioni. Huko hakuna mtu."

Behewa la mwisho likapita. Festo alikuwa amejifuta uso na kujipaka grisi yote. Mama yake akanitazama kama mtu aliyeibiwa.

"Sasa umefurahi?" akasema.

Kwa kuwa naandika ukweli, kidogo nilifurahi, mpaka nilipomtazama tena mtoto.

Tulikwenda Njombe hospitali, na kutoka hapo tukaandikiwa Mbeya. Ilikuwa baridi tena, mwaka mzima umepita. Kwenye kitengo cha masikio tulikaa kuanzia asubuhi, na nesi alikuwa anatokea mlangoni anaita majina kwa sauti, kwa watu waliokuja pale kwa sababu hawasikii. Kila akiita, mama mmoja anauliza, "Kaita nani?" na mzee wa pembeni anajibu, "Sijui, mimi ndiye mgonjwa." Tulicheka. Tumaini alicheka mpaka akalia, na mwanamke mmoja wa Tandala akamwekea mtoto wake mapajani ili apate cha kushika. Mtoto wa yule mwanamke alikuwa mkubwa kuliko Eliudi, na hajawahi kusema neno. "Mimi sikupoteza kitu," akatuambia. "Nyinyi ndio mna kazi." Sijamsahau. Alisema kwa upole, na lilikuwa neno gumu kuliko yote niliyoambiwa mwaka ule.

Walimwingiza kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, wakamvika nyaya kichwani. Alilala, na mashine ikamuuliza maswali yake akiwa usingizini. Mtaalamu alikuwa dada mwenye sauti ya chini. Akatuambia usikivu umebaki kidogo sana, upande mmoja tu. Akasema mngekuja mapema kulikuwa na njia nyingine za kujaribu, lakini sasa ndani ya sikio kumeanza kujifunga kama mfupa.

Tumaini akauliza, "Mapema lini?"

"Alipotoka wodini."

Binti yangu akaanza kuhesabu kwenye vidole. Mahindi. Mvua ya mawe. Tambiko. Uji. Nikamshika vidole vyote nikavifunga kwenye kiganja changu, maana niliona akimaliza kuhesabu atafanya kitu kibaya. Tukakaa hivyo mpaka tukaambiwa tupishe wengine.

Alipewa mashine za masikio. Ya kwanza aliificha kwenye kiota na tetea wangu akailalia siku kadhaa. Sasa anavaa moja. Inamletea ngoma, pikipiki ikipita karibu, mlango ukibamizwa. Maneno haimletei. Usidanganywe na mtu anayekwambia mashine itarudisha kila kitu, na usidanganywe na anayesema haifai kitu. Eliudi akisikia ngoma anaweka mkono kifuani na kucheka, na kicheko chake ni kibaya, kama mlango wenye kutu, na mimi nakipenda.

Festo aliyapokea vibaya. Alikaa sebuleni kwangu akasema, "Mama, nitaongeaje na mtoto wangu?"

"Alipokuwa anaongea ulikuwa unaongea naye nini?"

Akafikiri. Mungu amsaidie, alifikiri kweli. "Lori," akasema. "Nilikuwa namwonyesha lori."

"Basi mwonyeshe lori."

Tumaini alihamia kwangu na mtoto. Siku ambazo Festo hana gari la kutengeneza anakuja. Ndoa yao iko kama nguo iliyoshonwa mara mbili mahali pale pale, inavaliwa ila haivutwi.

Mwalimu mmoja wa watoto viziwi alituruhusu tukae darasani na wanafunzi wake wadogo, Tumaini, mimi na Eliudi kwenye kibenchi kimoja. Vidole vyangu ni vya jembe, havikunjuki. Watoto wa chekechea walikuwa wananisahihisha wakicheka. Eliudi alikuwa anatazama mikono ile yote kama mtu aliyefika sokoni na njaa. Siku moja tukiwa nyumbani alinivuta kitenge, akasimama mbele yangu, akafanya kwa mkono alama ya maji. Siyo eee. Siyo kuuma. Maji. Neno lilelile lililoondoka wakati wa kupanda mahindi limerudi kwa mlango wa uani. Nilimpa maji. Akanywa funda moja, akamwaga yaliyobaki, akaomba tena. Aliomba maji siku nzima, na mimi nilichota siku nzima. Kitanda kililowa usiku ule mpaka godoro.

Niliita fundi akatandika mbao sebuleni kwangu, juu ya sakafu ya udongo. Ukipiga mguu mlangoni, Eliudi aliyekaa kule mwisho anageuka. Naye akitaka mtu anapiga mguu. Bibi Anita alinicheka, kwamba nimejenga ukumbi wa kwaya, lakini Anita ndiye anayepiga vizuri kuliko wote, mara mbili fupi, na Eliudi anajua ni yeye. Watoto wengine wa mtaa walijifunza pia. Wanampigia miguu njiani wakimwigiza, wanafanya sauti ya mbuzi. Nimewachapa wawili na mama zao walikuja juu. Nitawachapa tena.

Baridi hii Mama Festo alikuja. Alikuja na Festo, na kilo za sukari, na blanketi jipya la mtoto. Tulisalimiana kamwene, kamwene, tukauliziana habari za mashamba na za duka kama watu wa serikali. Amekonda. Eliudi alikuwa amekaa mwisho wa chumba, ametupa mgongo, anakula kiazi, na mwenzake wa kula ni yule tetea.

Mama Festo akamtazama muda. Halafu akaita kwa sauti yake ile, lakini ya chini. "Yeremia."

Tumaini akainama. Hakuna aliyemsahihisha.

Akaita tena. "Yeremia. Baba."

"Piga mguu," nikamwambia.

"Nini?"

"Piga mguu kwenye mbao. Ndivyo anavyoitwa hapa."

Akanitazama kuona kama namcheza shere. Mwanamke mwenye duka, amevaa viatu vya kanisani, anaambiwa apige mguu kama anayefukuza mbwa, mbele ya mkwewe na mwanawe. Nilimwona anavyopima. Nilifikiri atachukua mkoba wake aondoke, na nitasema ukweli, nilikuwa nimeshaandaa neno la kumsindikizia.

Akanyanyua kiatu, akapiga. Kidogo. Haikufika. Akapiga tena kwa nguvu, na vikombe vikalia kabatini.

Eliudi akageuka. Akamtazama bibi yake wa Makambako, akamtazama vizuri, kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa. Alimjua. Akakikumbatia kiazi chake kifuani kwa mikono miwili, akamgeuzia mgongo, akaendelea kula.

Mama Festo alibaki amesimama, mguu mmoja mbele.

"Umeona," nikamwambia. "Ameitika."

Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Baada ya muda akavua kiatu kimoja, halafu cha pili, akaweka nyayo zake kwenye mbao, akakaa hivyo akingoja. Nikaenda jikoni kubandika chai.